Jukwaa la chuma baharini: namna ya kulisanifu, kulijenga na kulisimamisha

Jukwaa la chuma linalosimama juu ya sakafu ya bahari lina sehemu tatu. Chini kuna nguzo za msingi, yaani mabomba mazito yaliyopigiliwa ardhini. Juu yake kuna fremu ya mabomba ambayo watu wa kazi hii huiita jaketi, inayoanzia kwenye tope na kuchomoza mita chache juu ya maji. Kisha inakuja sitaha, yenye vichwa vya visima vya mafuta au gesi, mitambo, vyumba vya kulala na kiwanja cha helikopta.

Mwulize mwanafunzi wa uhandisi ni kitu gani kinachoamua unene wa mabomba ya jaketi, naye atakutajia uzito wa mitambo iliyo juu. Jibu hilo ni robo ya ukweli. Mabomba mengi huongezwa unene kwa sababu ya siku moja ya kupakiwa kwenye tishari, au dakika chache za kuteremshwa majini, au kwa sababu ya aina ya tope lililokutwa chini. Jaketi hulala ubavu yadini, husafiri likiyumbishwa baharini, huning'inia kwenye kreni au kuelea, ndipo lisimame. Msanifu asiyelifikiria katika hali zote hizo amesanifu nusu ya kazi.

Mwongozo huu ni kwa wahandisi na mafundi wanaoanza. Nitautumia mfano wa jukwaa dogo la visima, la miguu minne, kwenye maji ya mita 40.

Hatua ya 1: Kina kwanza

Jukwaa la kwanza kusimama mbali kiasi cha kutoonekana kutoka nchi kavu lilikuwa la kampuni ya Kerr-McGee, katika Ghuba ya Meksiko upande wa Louisiana, mwaka 1947. Maji yalikuwa ya mita 6 tu hivi. Mwaka 1988 Shell walisimamisha Bullwinkle katika ghuba hiyohiyo, kwenye kina cha mita 412. Kutoka sakafu ya bahari hadi kileleni ni mita 529, na jaketi lake peke yake lina uzito unaozidi tani 40,000. Hapo ndipo jaketi la kawaida lilipofikia ukingoni.

Sababu si gharama pekee. Jaketi la maji mafupi hupepesuka haraka: sekunde moja au mbili kwa mzunguko. Mawimbi makubwa ya dhoruba huja kwa sekunde 10 hadi 15, kwa hiyo hayakutani na mwendo wake. Kadiri jaketi linavyorefuka ndivyo linavyopepesuka polepole, hadi likaribie mawimbi ya kawaida ya sekunde 4 hadi 6, yale yanayopiga usiku na mchana mwaka mzima. Likifika hapo, chuma huanza kuchoka hata kama hakuna dhoruba.

Kwa pwani yetu, kina ndicho kinachogawa kazi. Gesi ya Songo Songo, karibu na Kilwa, iko kwenye maji mafupi, na visima vyake vingine viko baharini. Huko jukwaa la chuma lina nafasi. Gesi ya Kitalu namba 2, iliyogunduliwa mwaka 2012 kusini mwa Tanzania, iko chini ya maji ya takribani mita 2,500. Huko usipoteze muda kuchora jaketi. Ni kazi ya vifaa vinavyokaa sakafuni mwa bahari vikiunganishwa na mabomba, au vyombo vinavyoelea.

Hatua ya 2: Ijue bahari ya mahali hapo

Unahitaji wimbi la miaka 100, yaani wimbi ambalo kila mwaka lina uwezekano wa asilimia 1 wa kufikiwa au kupitwa. Pamoja nalo tafuta vipimo vya mkondo, upepo na kimo cha maji kupwa na kujaa. Usiridhike na kumbukumbu za miaka ishirini. Wapo wanaosema pwani ya Afrika Mashariki haina vimbunga kwa sababu iko karibu na ikweta. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar, kikang'oa mikarafuu na kuvunja merikebu za Sultani. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, na Mei 2024 Hidaya kikafika Mafia. Anayechukua vipimo vya miaka michache ya utulivu atapata wimbi dogo, jukwaa jepesi na bei nzuri, na bahari haitauheshimu mkataba huo.

Orodhesha pia miezi ya kufanyia kazi. Kusi ya Juni hadi Agosti si wakati wa kuning'iniza jaketi. Tanga mbili, pepo zinapobadilishana, ndicho kipindi cha kutafuta siku tatu au nne mfululizo za bahari kulala.

Hatua ya 3: Chimba tope kabla hujachora

Hapa ndipo ningetumia pesa nyingi kuliko mahali pengine popote. Tuma meli ya upimaji ichunguze sakafu kwa mawimbi ya sauti, itafute miamba, mifereji, mabomba ya zamani na mifuko ya gesi iliyo karibu na uso wa ardhi. Kisha choronga mahali penyewe pa kila mguu, kwenda chini kupita ncha ya nguzo utakazopigilia. Toa sampuli, na sukuma koni ya kupimia ugumu wa udongo sentimita kwa sentimita.

Somo kubwa la tope liko Australia Magharibi. Jaketi la North Rankin A lilisimamishwa mwaka 1982 kwenye maji ya mita 125. Mchanga wa pale umetokana na makombe na mabaki ya viumbe vya baharini, yaani ni mchanga wa chokaa. Chembe zake zina uwazi ndani, na nguzo inapopita huvunjika na kushuka ujazo, kwa hiyo udongo hauubani tena ubavu wa nguzo. Nguzo za North Rankin zilizama makumi ya mita kwa uzito wake zenyewe, bila kuhitaji nyundo. Msuguano uliotegemewa haukuwepo, na jukwaa likahitaji kazi kubwa ya kuimarishwa msingi.

Tazama hesabu ndogo. Nguzo ya kipenyo cha mita 1.2 ina mzingo wa mita 3.77. Ikiingia ardhini mita 60 na kupata msuguano wa wastani wa kilopaskali 50, inabeba kama tani 1,150 kwa ubavu wake. Weka kilopaskali 15, ambazo ndizo za kufikiriwa kwenye mchanga dhaifu wa chokaa, nazo tani hushuka hadi 350 hivi. Nguzo ni ileile, chuma ni kilekile, lakini theluthi mbili ya nguvu imetoweka. Pwani yenye matumbawe kama yetu haina budi kulipima jambo hili mapema. Mara nyingi njia inayofaa kwenye udongo wa namna hiyo ni kuchoronga shimo, kushusha bomba na kujaza uji wa saruji pembeni, badala ya kupigilia.

Angalia pia kama mteremko umetulia. Mwaka 2004 kimbunga Ivan kilisababisha maporomoko ya tope karibu na mlango wa mto Mississippi, na jukwaa zima likaanguka na kuzikwa. Mawimbi hayakulivunja, ardhi ndiyo iliyoondoka chini yake.

Hatua ya 4: Amua litasimamishwaje

Watu huiacha hatua hii mwisho, nami naiweka kabla ya kuchora. Ziko njia tatu. Jaketi dogo hunyanyuliwa na meli yenye kreni. Kubwa hutelezeshwa kutoka kwenye tishari likadumbukia, likaelea, kisha likasimamishwa kwa kuingizwa maji miguuni taratibu. Mengine hujengwa yaelee yenyewe, yakavutwa na tagi.

Kila njia inabadilisha mchoro. Jaketi la kunyanyuliwa linahitaji masikio ya kufungia nyaya na mabomba ya kuyashika masikio hayo. La kuteleza linahitaji fremu mbili nzito upande mmoja, kwa sababu tishari linapoinama jaketi hufika mahali likabembea kwenye ncha, na uzito wake wote hukaa juu ya viungo vichache. Kwa mfano wetu wa mita 40, jaketi la tani mia kadhaa, chagua kreni. Tafuta kwanza meli iliyopo na yenye ratiba, ujue kreni yake inabeba tani ngapi ikiwa imenyoosha mkono umbali unaouhitaji. Tani za kwenye matangazo ni za mkono ukiwa karibu na meli.

Hatua ya 5: Hesabu za jukwaa likiwa limesimama

Nguvu ya wimbi kwenye bomba hukokotolewa kwa kanuni ya Morison na wenzake wa California, ya mwaka 1950. Inajumlisha nguvu mbili: ile ya maji yanayoongeza kasi na ile ya maji yanayoburuta. Sehemu ya kuburuta hukua kwa mraba wa kasi. Bomba la kipenyo cha mita 1, maji yakipita kwa mita 4 kwa sekunde, hupata takribani kilonyutoni 8.6 kwa kila mita, karibu tani moja. Sasa kumbuka kuwa baada ya miaka michache chaza na mwani watakuwa wameliongezea sentimita 10 kila upande. Kipenyo kimekuwa mita 1.2, nguvu imefika kilonyutoni 10.3. Ndiyo maana unene wa viumbe hawa huandikwa kwenye hesabu tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana kila bomba lisilo la lazima karibu na uso wa maji linapaswa kuondolewa.

Kimo cha sitaha ndicho uamuzi unaookoa roho nyingi. Kilele cha wimbi kisiguse sitaha, kwa sababu ukuta wa maji ukipiga boriti pana nguvu hurukia mara nyingi zaidi. Kiwango cha Marekani kinataka nafasi ya angalau mita 1.5 juu ya kilele. Ningeongeza. Tarehe 1 Januari 1995, jukwaa la Draupner katika Bahari ya Kaskazini lilipima wimbi la mita 25.6 kutoka bondeni hadi kileleni, wakati mawimbi makubwa yaliyolizunguka yalikuwa ya mita 12 hivi. Na huko Ekofisk, uwanja wa mafuta na gesi wa Norwe, mwaka 1984 iligundulika kwamba sakafu ya bahari yenyewe inadidimia, kwa kuwa mwamba wa chaki ulikuwa unabanwa baada ya mafuta na gesi kutolewa. Mwaka 1987 sitaha zilikatwa miguu na kuinuliwa mita 6 kwa jeki za mafuta. Mwulize mtaalamu wa mwamba mapema: tukivuta gesi miaka 25, sakafu itashuka kiasi gani?

Baada ya dhoruba, hesabu uchovu. Kila kiungo hupigwa na mamilioni ya mawimbi madogo. Taka kila kiungo kidumu angalau mara mbili ya umri wa jukwaa, na vile visivyofikika kwa ukaguzi vipewe mara nyingi zaidi.

Hatua ya 6: Chora viungo

Jaketi huvunjika kwenye viungo, mahali mabomba ya mshazari yanapokutana na mguu. Bomba jembamba likisukuma ukuta wa mguu linaweza kuutoboa au kuukunja. Dawa ni kuweka pale kipande cha mguu chenye ukuta mnene zaidi, cha chuma kilichothibitishwa kutochanika matabaka kinapovutwa kwa upande wa unene wake. Mabomba yakutane kwa nafasi ya kutosha ili mkono wa fundi na kifaa cha ukaguzi vipite. Nimeona michoro mizuri kwenye kompyuta yenye pembe ambazo hakuna mchomeleaji anayeweza kuingiza kijiti. Mwite msimamizi wa karakana atazame mchoro kabla hujautia saini.

Hatua ya 7: Kuchomelea

Fremu mbili hujengwa zikiwa zimelala chini, kisha huinuliwa wima kwa kreni kadhaa kwa pamoja na kuunganishwa na mabomba ya katikati. Vipimo vya umbali kati ya miguu vichukuliwe alfajiri, kabla jua halijakipanua chuma upande mmoja.

Adui wa mshono kwenye chuma kinene ni haidrojeni, na haidrojeni hutoka kwenye unyevu. Pwani zetu za joto na mvuke zina unyevu wa kutosha. Vijiti vya kuchomelea vya E7018, aina yenye haidrojeni kidogo, vikae kwenye oveni, vitolewe vichache vichache kwenye kibebeo chenye joto, na vilivyokaa nje zaidi ya saa 4 visirudi kazini hivihivi. Chuma kipashwe moto kabla ya kuchomelea, mara nyingi hadi kama nyuzi 100, na kipimwe kwa chaki ya joto umbali kidogo kutoka kwenye mshono, si kwa kukisia kwa mkono. Fundi akimaliza, subiri. Ufa wa haidrojeni huweza kujitokeza siku ya pili, kwa hiyo ukaguzi wa mwisho wa viungo vinene hufanywa saa 48 baadaye: unga wa sumaku kwa nyufa za juu, mawimbi ya sauti kwa za ndani. Mkaguzi asiwe mwajiriwa wa msimamizi anayekimbizana na tarehe.

Na hakuna mshono mdogo. Alexander L. Kielland, chombo cha kuelea kilichokuwa makazi ya wafanyakazi kwenye uwanja wa Ekofisk, kilipinduka tarehe 27 Machi 1980 na kuua watu 123 kati ya 212. Chanzo kilikuwa bomba moja la kukaza, ambalo lilikuwa limechomelewa kishikizo cha kifaa cha kusikilizia sauti majini. Mshono wa kishikizo hicho ulikuwa wa milimita 6. Ufa ulianzia pale ukazunguka bomba. Wachunguzi walikuta rangi ndani ya ufa, maana yake ulikuwepo kabla chombo hakijatoka yadini. Basi kila kidude kinachobandikwa kwenye mguu wa jaketi, iwe ngazi, kishikio cha waya au kibao cha namba, kipitie kwa mhandisi na kikaguliwe kama kiungo kikuu.

Hatua ya 8: Kupakia na kusafirisha

Jaketi huvutwa kwenye reli zenye grisi, au hubebwa na matrela ya magurudumu mengi, hadi juu ya tishari lililofungwa gatini. Tatizo ni kwamba uzito unapohama tishari linazama upande mmoja, huku maji ya bahari yakipanda au kushuka. Pampu za maji ya farumi, yaani maji ya kusawazisha tishari, zifidie vyote viwili. Kwenye pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4, kwa hiyo ama upakie wakati wa maji mafu, au uanze mapema bamvua inapojaa ili ubaki na muda. Kuwe na pampu za akiba zenye umeme wake.

Kabla ya kuondoka, jaketi lipimwe uzito na kitovu cha uzito. Katika kila mradi uzito huongezeka, kidogo kwa rangi, kidogo kwa mishono, zaidi kwa mabadiliko ya mchoro. Mtu mmoja apewe jukumu la daftari la uzito na asiwe na kazi nyingine. Likiwa juu ya tishari, jaketi lishikwe kwa vishikizo vilivyokokotolewa kwa kuyumba kwa safari nzima.

Hatua ya 9: Kusimamisha na kupigilia

Jaketi likishagusa sakafu, hukaa kwa muda kwenye sahani pana za chuma zilizowekwa chini ya miguu ili lisizame kwenye tope. Muda huo ni wa hatari, kwa sababu halijashikwa na kitu. Usianze kazi hii bila mwanya wa bahari tulivu unaotosha kupigilia angalau nguzo mbili zinazokabiliana. Pima usawa, sahihisha, ndipo nguzo zipitishwe ndani ya miguu au kwenye mikono ya pembeni, yaani mabomba mafupi yaliyoshikizwa miguuni, na nyundo ianze.

Hapa fundi wa daftari ni mtu muhimu kuliko anavyodhaniwa. Kwa kila nusu mita ya kushuka anaandika idadi ya mapigo. Daftari hilo hulinganishwa palepale na utabiri wa mpimaji wa udongo. Mapigo yakiwa mengi mno mapema, nguzo imekutana na tabaka gumu. Kuendelea kuipiga kunaweza kuharibu ncha, nayo ncha iliyoanza kujikunja huzidi kujikunja kadiri inavyoshuka. Mapigo yakiwa machache mno, rudi kwenye habari ya North Rankin: simama, uwaite wahandisi, usifurahie kwamba kazi inakwenda haraka.

Nguzo zikifika, nafasi kati ya nguzo na mkono wake hujazwa uji wa saruji kutoka chini kwenda juu hadi utoke safi. Chukua vibonge vya sampuli na uvivunje baada ya siku zilizoagizwa.

Hatua ya 10: Sitaha

Sitaha huja imekamilika na kujaribiwa nchi kavu kadiri inavyowezekana. Saa moja ya fundi baharini ni ghali mara nyingi kuliko yadini. Hunyanyuliwa na kreni, au huletwa juu ya tishari linaloingia katikati ya miguu na kuteremka kwa kujazwa maji.

Mpangilio wake ni suala la uhai. Tarehe 6 Julai 1988 jukwaa la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, liliungua na watu 167 wakafa. Kuta zake zilijengwa kuzuia moto, si mlipuko. Gesi iliendelea kuja kupitia mabomba kutoka majukwaa jirani, na wengi walikufia kwenye vyumba vya makazi wakisubiri helikopta ambayo haingeweza kutua. Tume ya Lord Cullen, iliyochunguza ajali hiyo, ilitoa mapendekezo 106 mwaka 1990. Weka makazi mbali na visima, tenganisha kwa ukuta wa mlipuko, weka vali za kufunga mabomba mahali ambapo moto hautazifikia. Kanuni ya Ulaya ya kuweka makazi upande upepo unakotoka haitoshi kwetu: kusi huvuma kutoka upande mmoja nusu ya mwaka, kaskazi kutoka upande wa pili. Njia za kukimbilia na boti za kuokolea ziwe pande zote mbili.

Hatua ya 11: Kutu, ukaguzi na kuondolewa

Chini ya maji chuma hulindwa na vipande vya aluminiamu vinavyoliwa badala yake. Mpiga mbizi au roboti hupima volti: ikisomeka -0.80 au chini zaidi dhidi ya elektrodi ya fedha, chuma kiko salama. Ukanda unaorushiwa maji na kukauka hausaidiwi na vipande hivyo, kwa hiyo upewe rangi bora na milimita kadhaa za chuma cha ziada.

Mpango wa kuliondoa uandikwe wakati wa kusanifu. Katika Ghuba ya Meksiko nguzo hukatwa mita 4.5 chini ya sakafu ya bahari, na baadhi ya majaketi huachwa kwa idhini yawe makazi ya samaki. Katika Bahari ya Kaskazini, tangu uamuzi wa mwaka 1998 wa OSPAR, mkataba wa nchi za Ulaya wa kulinda bahari, jaketi huondolewa lote, na ni yale yanayozidi tani 10,000 tu ndiyo yanayoweza kuombewa ruhusa ya kuacha sehemu ya chini. Kwa jaketi letu la tani mia kadhaa, acha masikio ya kunyanyulia mahali pake, yalinde na kutu, na utunze michoro ya kitovu cha uzito pamoja na daftari la mapigo ya nyundo; wafanyakazi watakaokuja kulikata watavihitaji vyote vitatu.